Zawadi Haiwekwi Rehani

Ujumbe uliingia jioni moja ya Machi 2024. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga Ng'hong'onha, umeme umekatika, chaji ya simu imebaki asilimia tisa. Uliandikwa kwa Kiingereza, nami nautafsiri: "Mpendwa mwanachama, tunayo furaha kukujulisha kuhusu maboresho makubwa katika mpango wetu wa zawadi kwa abiria."

Mtanzania akisikia neno maboresho hushika mfuko kwanza. Vifurushi vya intaneti vilipopangwa upya Aprili 2021 tuliambiwa huo ndio utaratibu bora. Kelele zikapigwa nchi nzima mpaka serikali ikasitisha bei mpya. Basi nami nikashika mfuko, ingawa haukuwa wangu. Pointi zilizotajwa kwenye ujumbe ule zilikuwa za dada yangu.

Dada anafanya kazi za ndani Muscat tangu 2015. Alimwacha binti yake kwa mama yetu Kondoa, mtoto akiwa darasa la pili. Alipokuja likizo ya kwanza, mwaka 2017, mimi nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita na sina kazi ya kufanya. Nikampeleka kwenye kibanda cha intaneti nikamfungulia uanachama wa abiria wa mara kwa mara katika shirika la ndege alilopanda. Nilitumia barua pepe yangu, kwa kuwa yeye hakuwa nayo. Namba ya uanachama niliiandika nyuma ya daftari la Jiografia, na daftari hilo ninalo mpaka leo.

Tangu mwaka huo amekuja mara nne: 2017, 2019, 2022 na 2023. Tiketi zote amejilipia kutoka kwenye mshahara wake. Kila safari ya kuja na kurudi, kwa kubadilisha ndege njiani, ilikuwa kama maili 5,400, na shirika lilihesabu maili moja kwa pointi moja bila kuuliza tiketi umeinunua kwa bei gani. Safari nne, pointi 21,600. Kwenye tovuti kulikuwa na jedwali: kwa umbali ule, tiketi ya kwenda na kurudi ni pointi 20,000, ukiongeza kodi za viwanja vya ndege. Tulikuwa tumevuka mstari. Tulichosubiri ni bosi wake akubali tarehe ya likizo, maana safari hii haikuwa kwenye mkataba. Binti yake alikuwa anamaliza kidato cha nne, mahafali yalikuwa Oktoba, na dada hakuwahi kuhudhuria hata kikao kimoja cha wazazi.

Hesabu ya njia tulishaipiga. Angetua Dar es Salaam, apande treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi la Kondoa. Treni ile ilipoanza safari za Dodoma katikati ya 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000, imetangazwa hadharani na LATRA, na ni hiyohiyo kwa mbunge na kwa muuza mitumba wakikaa behewa moja. Kipande chenye bei inayojulikana kilikuwa hapa nyumbani. Kilichobadilika usiku mmoja ni kile cha angani.

Maboresho yalikuwa matatu. Kwanza, jedwali limeondolewa. Bei ya tiketi kwa pointi sasa "itazingatia mahitaji". Pili, pointi hazitahesabiwa tena kwa maili, zitahesabiwa kwa fedha: pointi tano kwa kila dola ya nauli. Tatu, yote yanaanza mara moja. Nilipoingia kwenye tovuti kutafuta wiki ya mahafali, tiketi ileile ya 20,000 ilikuwa 50,000.

Nasomea shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha, kwa hiyo nilifanya ninachofundishwa kufanya. Tiketi ya dada ni kama dola 420. Mara tano, pointi 2,100, wakati zamani angepata 5,400. Amebakiza pointi 28,400 kufika 50,000. Hiyo ni safari kumi na nne. Akija kila baada ya miaka miwili ni miaka ishirini na minane, kama 50,000 zenyewe hazitaboreshwa tena. Dada ana miaka thelathini na mitano. Zawadi yake ataichukua akiwa na sitini na mitatu.

Nilimtumia ujumbe wa sauti. Alinijibu saa sita usiku, amemaliza kuosha vyombo, kwa sauti ya chini ili asiamshe nyumba: "Mdogo wangu, mimi hayo ya dola sielewi. Nauliza kitu kimoja. Zile maili nilizoruka, nilishaziruka au bado?"

Sijawahi kusikia swali la kihasibu lililo safi kuliko hilo, na makala hii ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na historia fupi. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilianzisha AAdvantage, na mashirika mengine yakafuata mfano wake. Wazo lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilipendwa: ukiruka mbali, unakusanya maili nyingi, ukikusanya za kutosha, unaruka bure. Maili ilikuwa kipimo ambacho hata bibi yangu angekielewa. Kutoka Dodoma mpaka Dar kwa ndege ni takriban maili 240, na ardhi haijali umelipiwa na nani. Kisha mwaka 2015 Delta na United wakaacha umbali wakashika fedha. American yenyewe ikafanya hivyo 2016. Tarehe 1 Aprili 2018 ikawa zamu ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ambao abiria wengi wa Kenya Airways waliutumia kwa miaka mingi. Mwanachama wa ngazi ya chini akawa anapata pointi nne kwa kila euro, na wa ngazi ya juu kabisa nane. Soma tena hapo. Watu wawili wanakaa viti vilivyopakana, wamelipa nauli sawa, wanatua dakika moja. Mmoja anapata mara mbili ya mwenzake kwa sababu ya ngazi yake tu.

Mwaka 2021 Kenya Airways ilianzisha mpango wake yenyewe na kuuita Asante Rewards. Jina zuri. Lakini ukifikiri, neno asante linabeba hila ya biashara hii yote. Asante haidaiwi. Aliyekupa asante ndogo kuliko ya jana hujamshika kosa lolote; alikuwa na hiari ya kunyamaza. Kila shirika linapopunguza thamani ya pointi hujificha chini ya neno hilo au ndugu zake: zawadi, shukrani, upendeleo. Utapewa barua pepe yenye picha ya mawingu na sentensi inayosema shirika lina haki ya kubadilisha chochote wakati wowote. Zawadi huwezi kuishtaki.

Nami nasema siyo zawadi. Ni deni. Na ushahidi siutoi mimi, wanautoa wao wenyewe kwenye vitabu vyao.

Muhula uleule tulikuwa tunasoma IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kilichoanza kutumika Januari 2018. Mwalimu aliandika ubaoni mfano. Shirika limeuza tiketi ya shilingi 1,000,000, na pamoja nayo limetoa pointi ambazo zikiuzwa peke yake zingekadiriwa kuwa na thamani ya 50,000. Je, liandike mapato ya milioni nzima? Hapana. Milioni ile inagawanywa: karibu 952,000 ni mapato ya safari, na karibu 48,000 inakwenda upande wa madeni. Inakaa huko mpaka abiria atumie pointi zake, au mpaka zife. Zikifa, deni linageuka mapato.

Nilinyoosha mkono nikauliza: na kama shirika likiamua kesho kwamba tiketi ya pointi 20,000 sasa ni 50,000? Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. Akasema, kwa upande wa vitabu, mzigo wa deni umepungua.

Fikiria maana yake. Dada alipolipa dola 420, sehemu ya fedha hiyo haikuwa nauli ya siku ile. Ilikuwa malipo ya awali ya safari ambayo hajasafiri. Wahasibu wa shirika walijua, wakaguzi walijua, wenye hisa walisomewa. Aliyeambiwa kuwa ni zawadi ni dada peke yake.

Kama mfano wa ubaoni hautoshi, tazama ya mwaka 2020. Korona iliposimamisha ndege, Juni mwaka ule United ilitangaza kuchukua mkopo wa dola bilioni 5 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi, MileagePlus, uliokadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22. Delta ikafanya hivyo mwaka huohuo kwa SkyMiles, na American mwaka 2021 kwa AAdvantage. Wakopeshaji walikubali kwa sababu mipango hii inaingiza fedha nyingi: mabenki hununua pointi kutoka kwa mashirika na kuwapa wateja wao wa kadi. Basi tuelewane. Kitu ambacho mimi nikikidai naambiwa ni shukrani tu, benki ikikitaka ni mali ya mabilioni. Zawadi haiwekwi rehani. Ukiona mtu amepeleka kitu rehani, jua alishakipa bei.

Sasa twende kwa wanaofaidi. Mwaka wangu wa kwanza hapa Dodoma nilifanya kazi za Jumamosi katika ofisi ndogo ya wakala wa tiketi katikati ya mji. Huu ni mji wa serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa 1973, lakini misafara ya mafaili ilianza kwa kasi baada ya 2016, na tangu hapo kuna watu ambao maisha yao ni kupanda na kushuka kati ya Dodoma na Dar, na kutoka Dar kwenda kwenye mikutano ya nje. Tiketi zao zinalipwa na ofisi, mara nyingi zimekatwa dakika za mwisho kwa bei ya juu. Nilizoea swali moja lililokuja mwishoni, likiulizwa kwa upole kabisa: "Kijana, umeniwekea namba yangu ya uanachama?" Nilikuwa nimeiweka. Katika miezi yote niliyokaa pale, hakuna aliyeniomba niweke namba ya ofisi.

Simlaumu mtu mmoja mmoja. Wengi wao ni watu wema waliochoka kusafiri. Naulaumu mfumo. Ulipohesabu umbali, dada yangu na mkurugenzi waliokwenda safari moja walipata sawa. Ulipohamia kwenye fedha, ukaanza kumlipa zaidi yule ambaye hakutoa hela yake. Mlipakodi ananunua tiketi ghali, na ughali wenyewe unageuka pointi za mtu binafsi. Aliyehangaika kutafuta tiketi nafuu kwa jasho lake anaadhibiwa kwa unafuu alioutafuta.

Wenzetu wamewahi kuliona hili kuwa jambo zito. Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin baada ya kufichuliwa kwamba alitumia kwa safari binafsi maili alizopata kwenye safari za kazi ya ubunge. Marekani walichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao. Unaweza kukubaliana na Berlin au na Washington, lakini kote kuwili watu walikaa wakaulizana maili ni za nani. Hapa kwetu swali hilo linaishia kwenye kaunta ya wakala, mbele ya kijana wa Jumamosi.

Najua utakaloniambia, ndugu msomaji. La kwanza: "Hukulazimishwa. Vigezo na masharti kuzingatiwa." Mama yetu ni Mgogo wa Bahi aliyeolewa Kondoa, na nilipomsimulia habari hii alinijibu kwa ng'ombe. Kwao, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Ukame au ugonjwa ukija, atabaki na nini? Huwakabidhi wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Akifa ng'ombe, mtunzaji haleti maneno matupu, analeta ngozi. Mkataba huo haujaandikwa popote, na mtunzaji ana nafuu zake zinazojulikana. Asichoweza kufanya ni kuamka siku moja akasema: kuanzia leo, ng'ombe wako watano wanahesabika wawili, na haya ni maboresho. Wazee wangemkalisha chini.

La pili ni zito zaidi, nami nilijiuliza mwenyewe kabla yako. Katika mji ambao mitaa mingine inasubiri maji kwa zamu, nani ana muda wa kulilia maili za ndege? Hili si lalamiko la wenye nacho? Ningekubali, kama ndege zingekuwa zinapandwa na wenye nacho peke yao. Simama siku moja kwenye foleni ya wanaoondoka Dar es Salaam kwenda Ghuba. Utaona wasichana wa Kondoa na Singida wameshika pasipoti mpya kwa mikono miwili. Utaona wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou, na wanafunzi wenye ufadhili unaolipa tiketi ya bei ya chini kabisa. Hao wanaruka mbali na wanalipa kidogo, na ndio walioondolewa kwenye hesabu.

Tena ugonjwa huu hauishii angani. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kwamba Bonga Points zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa tarehe 1 Januari 2023. Hizo ni pointi za mama ntilie na za dereva wa boda, za muda wa maongezi. Tabia ni moja: upande mmoja unatunza daftari, upande huohuo unabadilisha maana ya kilichoandikwa. Mangi wa mtaani kwangu akifanya hivyo kwenye daftari lake la mikopo, akageuza buku mbili zangu kuwa tano, kesho yake hana mteja.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na siyo makubwa. Moja: pointi zilizokusanywa chini ya jedwali la zamani zilipwe kwa jedwali la zamani, kanuni mpya ihusu safari mpya. Mbili: mabadiliko yoyote yatangazwe mwaka mzima kabla, kwa lugha ambayo abiria wa njia hiyo anaielewa, na Kiswahili ni lugha ya abiria wa Dar es Salaam. Tatu: pointi za tiketi iliyolipwa na umma ziwe za umma, zipunguze gharama ya safari inayofuata ya ofisi hiyo.

Vyombo vya kusimamia haya tunavyo. Tume ya Ushindani iliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na miongoni mwa kazi zake ni kupitia mikataba inayoandaliwa na mfanyabiashara peke yake, ambayo mlaji hupewa akubali au aache. Mkataba wa uanachama wa ndege ni wa namna hiyo hasa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo. Na wasiseme jambo hili halijawahi kuguswa na serikali yoyote: Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilianza kuyachunguza mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, juu ya jinsi yanavyoshusha thamani ya pointi na kuficha bei zake.

Mahafali yalifanyika Oktoba, siku ya Jumamosi, chini ya turubai. Dada hakuja. Nilimpigia simu ya video nikaishika juu ya vichwa vya wazazi wengine mpaka mkono ukafa ganzi. Alikuwa jikoni kwa bosi wake, amevaa ushungi mpya kana kwamba amekaa nasi mstari wa mbele. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya tatu ndipo jina la binti yake lilipoitwa, na aliporudi hewani mtoto alishapokea cheti na kukaa.

Pointi bado zipo, 21,600. Juzi shirika lilituma barua pepe nyingine: ukitaka, unaweza kuzibadilisha kwa begi la magurudumu. Nilimuuliza dada, akanijibu niziache hapohapo zilipo. Mama alikuwa kando ya simu, akasikia, akasogea.

"Waandikie," akasema. "Waambie kama ng'ombe wamekufa, walete ngozi."